Kabla ya Kisima Kingine: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maji, Kaunti ya Machakos

Mheshimiwa Waziri,

Visima vipya tunavihitaji, na sipingi hata kimoja. Ombi langu linahusu yale yanayopaswa kufanyika kabla mtambo wa kuchimba haujaletwa kijijini.

Maofisa hulalamika kwamba watu wa huku ni wagumu: hawaji barazani, ada ya maji hawalipi, kioski wanakipita na kwenda kuchota mtoni. Ugumu huo una historia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kinawangoja Athi River. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai kuonana na Gavana. Mwenyewe aliishia kizuizini Lamu, lakini unyang'anyi ule wa mifugo ulikoma. Na tuseme ukweli usiopendeza: kuhusu udongo, wakoloni hawakukosea. Milima ilikuwa ikimomonyoka kweli. Ila mtu aliyekuchukulia ng'ombe jana, leo akija na habari za kuokoa shamba lako, utamsikiliza? Miaka ya 1940 trekta za kukata matuta zilipofika Matungulu, watu walilala chini mbele yake.

Vilima hivyohivyo baadaye vilijaa matuta. Katika miaka ya 1950 kazi ilishikwa na mwethya, vikundi vilivyochagua viongozi wao wenyewe na ambavyo wengi wa wanachama walikuwa akina mama. Tangu 1978 kikundi cha Utooni kule Kola, alichokianzisha Joshua Mukusya na wenzake, kimefuata njia hiyo upande wa maji: ukuta unajengwa juu ya mwamba katika mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha humo jua lisiyafikie. Wanakijiji ndio wanaosomba mawe. Ukuta wa namna hiyo una wenyewe.

Maji ya kunywa yana shida zaidi, kwa sababu ubaya wake mara nyingi hauonekani. Chumvi angalau ulimi huitambua. Floridi haina rangi wala ladha. Dalili zake huja baada ya miaka, kwenye meno ya watoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima upande wa Athi River vinavyopita hapo. Klorini nayo, ambayo ni dawa, ina harufu, na harufu isiyoelezwa huzaa uvumi. Katika hali hiyo tukiambiwa tu kwamba "maji ni safi", tumwamini nani?

Kwa hiyo bandikeni majibu ya maabara kwenye ukuta wa kila kioski, kwa Kikamba na Kiswahili, yakiwa na tarehe ya kupimwa. Yakiwa mabaya, hapo ndipo msichelewe hata siku moja. Ofisi iliyowahi kutwambia tusinywe, siku ikisema tunywe, tutakunywa.

Hesabu pia zisomwe barazani: mitungi mingapi iliuzwa, pesa ngapi ziliingia, pampu ilikula kiasi gani. Mota ikiungua, waliosikia hesabu watachanga. Wasiosikia watamrudia muuzaji mwenye punda na kulipa zaidi kwa maji ambayo hayakupimwa, na kwa kweli sioni haki ya kuwacheka.

Sikuombi hisani. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Majibu ya maabara ni habari kama hizo.

Katika bajeti ijayo, tenga fungu la kupima vyanzo vilivyopo na kubandika majibu. Usitie saini uchimbaji wa kisima chochote kabla hujaletewa kumbukumbu za mkutano ambapo watakaokitumia walichagua kamati yao na kukubaliana mahali pa kuchimba. Ukikuta kamati haina akina mama, irudishe kijijini ikachaguliwe upya. Wao ndio wanaobeba mitungi.

Wako,
Mkazi wa Machakos