Kalemie: Ziwa likifungwa, somo la kupika lianzie kwenye pesa ya siku

Katika Kalemie, mazungumzo juu ya kufunga Ziwa Tanganyika huishia mara nyingi kwa mvuvi: atakula nini, atalipa na nini masomo ya watoto? Swali jingine halisikiki sana, nalo liko jikoni. Ndagala wakipungua sokoni, mtoto wa miaka 2 atakula bukari na nini?

Nchi nne zinazogawana ziwa hili, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana mwezi wa Desemba 2021 juu ya hatua za pamoja za kulinda samaki. Moja kati ya hatua hizo ni kusimamisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Sababu yake inaeleweka: bila nafasi ya kuzaana, samaki watakwisha. Lakini kwa jamaa nyingi za Kalemie, ndagala ndiyo nyama ya maskini. Hatua hiyo inagusa sahani moja kwa moja.

Na sahani yenyewe haikuwa nzuri tangu zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 nchini Kongo walikuwa wafupi kuliko umri wao, kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Ule wa 2017-2018 ulitoa 42 kwa 100. Karibu hakuna kilichobadilika. Utapiamlo wa aina hii hauonekani kwa macho kama ule wa kuvimba miguu. Mtoto anacheza, anacheka, anakula na kushiba. Ila mwili na akili yake havikui inavyotakiwa, na kilichopotea kabla ya miaka 2 ni vigumu kukirudisha.

Kushiba na kulishwa ni mambo mawili

Bukari ya muhogo inajaza tumbo na kutoa nguvu, lakini ndani yake protini ni kidogo sana. Unga wa mahindi una protini zaidi, nao hautoshi peke yake. Kinachojenga mwili wa mtoto kiko kwenye mboga inayofuatana na bukari: ndagala, maharagi, karanga, sombe, lengalenga, matembele. Pesa ikipungua, bukari hubaki vilevile na mboga ndiyo inakatwa. Wengine hubakiza mchuzi wa nyanya na kyubu. Kyubu huleta harufu ya nyama na chumvi, haileti nyama.

Hapa ndipo mafunzo ya upishi yana kazi. Programu ya Kitaifa ya Lishe, PRONANUT, pamoja na mashirika yanayoisaidia, imezoea kuwakusanya akina mama na kupika mbele yao. Njia hiyo ni nzuri, kwa sharti moja: somo lianzie kwenye pesa ambayo mama anayo mkononi asubuhi hiyo. Somo linalodai mayai, maziwa na karoti kila siku litasikilizwa kwa adabu, kisha litaachwa palepale uwanjani.

Vitu vya bei ndogo vipo. Ndagala waliokaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa na kichwa na mifupa, huleta pia kalisi. Mtoto hahitaji rundo. Konzi moja ikichaguliwa, ikasafishwa mchanga, ikakaangwa bila mafuta na kutwangwa mpaka iwe unga, inatosha kutia kijiko katika uji kwa siku kadhaa. Mama anayenunua ndagala wakavu kabla ya tarehe 15 Mei na kuwatunza katika kopo lenye kifuniko pakavu, anaingia miezi ya kufungwa akiwa na akiba. Karanga zilizotwangwa hufanya kazi karibu na ile, na muhindi na maharagi vikiliwa pamoja hukamilishana kwa protini.

Mafuta ya mawese nayo ni dawa ya macho, kwa sababu rangi yake nyekundu ndiyo chanzo cha vitamini A. Mpishi anayeyachoma mpaka yawe meupe anaitupa hewani. Heri kuyapasha kidogo tu, au kuyatia chakula kikikaribia kuiva.

Makala, maji na nani anakula kwanza

Gharama nyingine ni makala. Maharagi yasiyolowekwa hula mbabula nzima. Yakilazwa majini usiku, maji yakamwagwa, yakapikwa katika sufuria iliyofunikwa, huiva mapema zaidi. Sombe haifai kuharakishwa: kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunaondoa sumu yake. Kwa hiyo siku ya makala kidogo ni siku ya lengalenga au matembele, yanayoiva kwa dakika chache.

Maji pia yanaingia katika hesabu. Kalemie ni kati ya miji ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mtoto anayeharisha kila mwezi hafaidi chakula bora alichopewa. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha ni sehemu ya upishi.

Kuna jambo lingine, na hilo halinunuliwi sokoni. Katika nyumba nyingi samaki hutangulia kwa baba, watoto hupata mchuzi. Basi somo linaloita akina mama peke yao limeita nusu ya nyumba. Baba anayetoa pesa ya soko na kupokea sahani ya kwanza ana haki ya kujua kwamba kijiko cha ndagala kina faida zaidi kwa mtoto wa miezi 8 kuliko kwake.

Haya yote hayaondoi wajibu wa serikali. Kupika vizuri hakumlishi mtu aliyefukuzwa shambani na vita, wala hakujazi pengo la misaada ambayo Marekani ilipunguza kwa kiasi kikubwa mwaka 2025. Anayefunga ziwa anapaswa kufikiria pia jamaa zinazokula kutoka ziwa hilo: mbegu za maharagi na karanga zifike mapema, vichanja vya kukaushia ndagala viwepo, na vituo vya afya na redio za mji vifundishe mwezi wa Aprili. Mwezi wa Juni, kopo likiwa tupu, somo litakuwa limechelewa.