Kabla ya kumtaja jirani

Mtoto akila karanga, akavimba midomo na kubanwa pumzi, wako kwetu Butembo na Beni wanaonong'ona: "Amelishwa sumu." Kumbe huenda ni mzio: mwili wapigana na chakula kisicho na kosa. Jirani ashtakiwa bure, na karanga zaendelea kumdhuru mtoto.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, chaandaa madaktari. Naomba wafundishwe kumwuliza mama kwa subira: mtoto alikula nini, na dalili zilianza baada ya muda gani? Hata chakula cha kutibu utapiamlo hutengenezwa kwa karanga.

Nanyi mkimbizeni mtoto hospitalini, mkitaja alichokula. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Kutafuta chanzo cha ugonjwa ni njia ya kuitii.