Tumbo la Maria na Benchi la Nyuma

Kanisa linaloimba mbele ya hori usiku wa tarehe 24 Desemba, kisha Januari likamtenga binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, halijaelewa Krismasi. Nasema halijaelewa kabisa, wala sitafuti neno la kulainisha. Linaweza kuwa na kwaya nne, vipaza sauti vipya na mti uliowashwa taa mpaka kileleni. Habari yenyewe ya sikukuu imelipita kando.

Habari hiyo ni ipi? Wengi wetu tumeridhika na mtoto mzuri, mnono, asiyelia, aliyezungukwa na kondoo wasafi. Imani ya Kikristo inadai jambo zito kuliko hilo. Inadai kwamba Mungu aliyeumba mbingu na nchi alikaa tumboni mwa msichana wa Nazareti, akalishwa kwa kitovu, akatoka kwa uchungu na damu kama tulivyotoka sisi sote. Kalenda ya Kanisa haikuona haya kuihesabu mimba hiyo: Machi 25 ni Kupashwa Habari, Desemba 25 ni Kuzaliwa, katikati ni miezi tisa kamili. Wakatoliki wakisali Nasadiki katika misa ya Krismasi hupiga magoti wanapofika mahali panaposema Mungu alifanyika mwanadamu. Katika sala ile ndefu, magoti yanagusa sakafu kwa ajili ya mimba.

Sasa tujiulize tumbo lile lilionekanaje mtaani. Sisi tunaisoma habari tukiwa tumekwisha kuambiwa siri. Nazareti haikutokewa na malaika. Nazareti iliona mchumba wa fundi seremala ana mimba, na seremala bado hajamchukua nyumbani kwake. Torati ilijulikana: Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inampangia mawe mchumba aliyelala na mwanamume mwingine. Mathayo haoni sababu ya kutuficha kwamba hata Yusufu, mtu aliyempenda, aliamini mabaya kwanza na akaamua kumwacha. Ilibidi apewe ndoto ili abadili mawazo.

Maneno ya watu hayakuisha hata mtoto alipokua. Katika Marko, sura ya 6, watu wa kijijini kwao wanamwita mwana wa Maria, katika jamii ambayo mtu alijulikana kwa jina la baba yake. Katika Yohana, sura ya 8, wabishi wake wanajigamba kwamba wao hawakuzaliwa kwa zinaa, na wafafanuzi wengi wamekisikia kijembe hapo. Karne ya pili, mwanafalsafa Celsus aliandika kitabu kizima cha kuwakejeli Wakristo, akadai mama yake Yesu alifukuzwa na mume kwa kuzini na askari mmoja aitwaye Panthera. Origen wa Alexandria alilazimika kumjibu karibu mwaka 248. Yaani zaidi ya miaka mia mbili baada ya Yesu kupaa, tumbo la mama yake lilikuwa bado linasengenywa. Huyo ndiye tunayemwimbia. Alizaliwa ndani ya umbea, akaubeba maisha yake yote.

Na Mathayo alijua anachofanya. Kabla hajafika kwa Maria anatuandikia ukoo, orodha ya majina ambayo wasomaji wetu kanisani huikimbiza kama tangazo la msiba wa mtu wasiyemjua. Humo ametia wanawake wanne. Tamari, aliyezaa na Yuda, baba mkwe wake. Rahabu, kahaba wa Yeriko. Ruthu, Mmoabi, mgeni asiyetakiwa. Na yule ambaye Mathayo hamtaji hata jina, anamwita mke wa Uria tu, ili dhambi ya mfalme Daudi isisahaulike. Je, mwinjili alikosa akina mama wenye sifa njema? Sara alikuwepo. Rebeka alikuwepo. Lea alikuwepo. Amewaacha hao, akachagua wale ambao baraza la wazee wa kanisa lingewaita ofisini. Ndipo akasema: kwa njia hii amekuja Masihi.

Tuje sasa kwetu. Kila Desemba magari yanajaa njia ya Moshi, na utani tunaujua: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Yusufu naye alikwenda kuhesabiwa, kwa amri ya Kaisari Augusto, na Luka anaandika waziwazi kwamba alifuatana na mchumba wake aliyekuwa mjamzito. Hakumficha nyuma kwa kuogopa macho ya ukoo wa Daudi. Sisi tunaficha. Ndugu wote wanafika, mbuzi anachinjwa, picha ya familia inapigwa, na kuna binti mmoja hayupo. Ukiuliza unaambiwa yuko kwa shangazi yake, anajifunza ushonaji. Tumbo lina miezi saba.

Akirudi kanisani, mambo ni yale yale katika sharika na mitaa mingi ya nchi hii. Anaitwa mbele ya wazee. Anaondolewa kwenye kwaya. Meza ya Bwana anaitazama kwa mbali. Benchi la nyuma linakuwa lake. Akijifungua, mtoto hapati ubatizo mpaka mama arudi kundini, arudishwe mbele ya watu wote, macho mia tatu yakimchoma mgongoni. Mahali pengine mtoto anabatizwa, ila siku yake inatengwa ili asichanganyike na watoto wa ndoa. Kichanga cha miezi mitatu kimeshapewa daraja lake mbele za Mungu, na waliolipanga ni watu wazima walioshika Biblia mkononi.

Kosa hili lina jina lake katika historia ya Kanisa. Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, alifika Roma akafundisha kwamba Kristo hakuzaliwa. Tumbo la mwanamke lilimchefua. Damu ya uzazi ilimchefua. Akachukua Injili ya Luka, akaondoa habari yote ya kuzaliwa, akamfanya Yesu atokee Kapernaumu akiwa mtu mzima, msafi, asiye na mama. Aliyemjibu kwa ukali kuliko wote alikuwa Mwafrika, Tertullian wa Carthage, mji ulioko Tunisia ya leo. Karibu mwaka 206 aliandika kitabu juu ya mwili wa Kristo. Humo hakujaribu kuupamba uzazi. Aliutaja pamoja na majimaji yake, damu yake na aibu yake, kisha akamwambia Marcion kwamba Kristo alimpenda mwanadamu, na huwezi kumpenda mtu ukachukia namna alivyozaliwa.

Tertullian alishinda vitabuni. Marcion anaendelea kushinda kwenye vikao vya wazee. Kila tunapomtazama msichana mwenye mimba tukaona uchafu kabla ya kuona mtu, tunasema Amina kwa Marcion. Hatuna ujasiri wa kurarua kurasa kama yeye, kwa hiyo tunazisoma Desemba na kuzikana mwaka mzima.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia mara nyingi: usimlinganishe Bikira Maria na hao, Maria hakutenda dhambi. Sawa, hakutenda, wala sidai alitenda. Lakini mwenye kusema hivyo anisaidie kujibu swali moja. Wewe ungekuwa mzee wa sinagogi Nazareti mwaka ule, ungejuaje? Msichana angekuambia ni Roho Mtakatifu, ungemwamini? Ungemwandika kwenye daftari la kutengwa kabla hajamaliza sentensi. Utaratibu wetu ungemtenga Mama wa Mungu, cheo alichothibitishiwa na Mtaguso wa Efeso mwaka 431, na usingejua kwamba umekosea. Utaratibu wa namna hiyo haufai kulindwa hata kwa siku moja.

Jibu la pili ni la nidhamu: tukiacha kutenga, tutafungua mlango wa uzinzi. Nidhamu naiheshimu. Ila nidhamu ya kweli ingemtafuta na mwanamume. Mimba haiji na upepo. Yule aliyeisababisha yuko wapi Jumapili hii? Mara nyingi yuko kwaya ya pili, sauti ya besi. Au ndiye mgeni rasmi wa harambee ya kupaua jengo. Tumbo lake halivimbi, kwa hiyo dhambi yake haionekani, na sisi tumegeuza kuonekana kuwa ndiyo dhambi. Kanisa la Roma lilipoachana na Marcion mwaka 144 lilimrudishia fedha zote alizokuwa amelichangia, sesterce 200,000, hela nyingi kweli kweli kwa zama hizo. Nionyesheni leo kanisa lililomrudishia mchango wake mwanamume aliyempa mimba mwanafunzi na kumtelekeza.

Na hapo nimesema mwanafunzi kwa makusudi. Kwa sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake amebaka, hata kama msichana alikubali. Basi tunapomsimamisha binti wa miaka 15 mbele ya usharika aungame, tunamtubisha aliyetendewa uhalifu. Mtendaji anapaswa kuwa mahakamani. Tumemwachia kitabu cha nyimbo.

Aibu nyingine ni hii. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ilichelewa sana, na wasichana wengi walikwisha kupotezewa maisha yao. Lakini ilifika. Serikali isiyo na dini, yenye kushughulika na kodi na barabara, ilimfungulia mlango mama mdogo. Na kuna makanisa yanayojiita nyumba ya aliyezaliwa Bethlehemu ambayo mpaka leo hayajamfungulia.

Injili inatuonyesha kinachotakiwa, tena kwa mwanamke mzee. Maria aliposhika mimba alikwenda haraka nchi ya vilima, mji wa Yuda, kwa jamaa yake Elisabeti. Elisabeti alikuwa mke wa kuhani. Nyumba yake ilikuwa na jina la kulinda. Angeweza kuuliza tarehe, angeweza kuuliza jina la mwanamume, angeweza kusema mume wangu ana kazi hekaluni, usituletee balaa. Alimpokea kwa sauti kuu, akambariki yeye na mimba yake, akakaa naye kama miezi mitatu. Ni katika nyumba hiyo, baada ya kupokewa hivyo, Maria alitoa wimbo wake wa kuwashusha wenye vyeo na kuwainua wanyonge. Akina mama wa umoja, mnaovaa sare na kuuimba wimbo huo, ni lini mara ya mwisho mlimpokea binti mwenye tumbo kwa sauti kuu? Sauti zenu tunazisikia, ila zinatoka nyuma ya kanisa, kwa kunong'ona.

Yusufu naye ana somo kwa wanaume. Mathayo anamwita mwenye haki, na haki yake ilionekana pale alipokataa kumwaibisha Maria hadharani, wakati bado anamdhania kuwa mkosaji. Hata kabla ya ndoto, alimsitiri. Baada ya ndoto, alimpa mtoto jina, maana yake alimkiri mbele ya jamii kuwa wake. Wahenga wetu waliosema kitanda hakizai haramu walikuwa wanatafuta njia ya kumsitiri mtoto asiye na hatia. Hata wao walimwonea huruma kiumbe ambaye sisi, wenye Injili, tunamweka foleni ya pembeni.

Mwaka 2012, Jorge Bergoglio, aliyekuwa kardinali wa Buenos Aires na mwaka uliofuata akawa Papa Fransisko, aliwaita wanafiki mapadri waliokuwa wakiwanyima ubatizo watoto wa akina mama wasio na ndoa. Hakuzunguka zunguka, na hakuna sababu sisi tuzunguke.

Kwa hiyo, mchungaji, padri, mzee wa kanisa, katekista, kabla hujapanga ratiba ya mkesha, panga haya. Mtoto wa singo maza abatizwe Jumapili ile ile, kisima kile kile, kwa shangwe zile zile. Kuungama kuwe siri ya mtu na Mungu wake na mchungaji wake, wala kusifanywe maonyesho. Swali la kwanza katika kikao liwe mwanamume ni nani na ana umri gani, na kama ni kesi ya jinai, kikao kisimame na polisi waitwe. Binti arudi kwaya tumbo likiwa bado linaonekana, aimbe Krismasi akiwa mjamzito, kwa kuwa ndani ya jengo lile hakuna mwingine anayeielewa siku ile kwa mwili wake kuliko yeye. Na ule ukoo wa Mathayo usomwe wote mimbarini, taratibu, majina ya wanawake yasikike.

Kanisa lisilotaka kufanya hivyo limebakiwa na njia moja ya ukweli. Lifanye kama Marcion: lizikate sura mbili za mwanzo za Luka, lizichome, na tarehe 25 Desemba watu waende kazini.