Mti kwanza, ndege baadaye

Nakubaliana nawe, ndugu mwandishi, ila suala la miti umelipita haraka mno. Pale Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, anayejua miti miwili tu keshapunguza kazi kubwa ya kutafuta ndege. Kwenye mchanga mweupe kuna mirihi: majani yake machanga huchipua mekundu, na huko juu vileleni ndiko wanakojilisha kwera wa Clarke na chozi wa Amani. Udongo ukigeuka mwekundu unaingia kwenye mifunda, msitu mfupi uliosongamana, na humo ndimo anamoishi yule bundi mdogo wa Sokoke. Kumtafuta mirihini ni kupoteza usiku.

Sioni haja ya kuanza na maua wala majina ya Kilatini. Anza na gome, kisha tazama vijani vimepangwaje kwenye kikonyo (kwa darubini ileile ya kutazamia ndege, wengi hawaikumbuki).

Swali langu: mbona hukuutaja msitu wa Dakatcha? Viota vya kwera huyo viligunduliwa huko mwaka 2013, kwenye kinamasi, si mitini. Na mirihi ya huko inakatwa kwa ajili ya makaa.