Juogi si Nyawawa: Funzo la Mganga wa Ziwani

Usiku wangu wa kwanza Homa Bay sikupata usingizi. Yapata saa tano nilisikia sufuria zikigongwa nyumba ya jirani, kisha ya pili yake, hata mtaa mzima ukawa kishindo cha mabati na masinia. Nikadhani moto umezuka. Mwenyeji wangu akatoka na kifuniko cha sufuria, akagonga naye, akarudi ndani taratibu.

"Ni nyawawa wanapita," akaniambia. "Tunawahimiza waende zao."

Nyawawa husemwa ni roho za wafu, hasa waliozama ziwani, zinazopita na upepo wa usiku. Mimi, mtu wa Mombasa, nilitaka kucheka. Lakini nikakumbuka vyetezo vya ubani na sinia za halua nilizoziona utotoni zikiandaliwa rohani, nikanyamaza. Nyani haoni kundule.

Siku ya pili nilikwenda Ndhiwa kwa mzee mmoja ambaye ni ajuoga, yaani mganga. Nilimwuliza kama nyawawa ndio pepo anaowatibu. Akacheka yeye.

"Mwanangu, nyawawa ni wapita njia. Bati linawatosha. Huwezi kumtibu kila mgeni kwa dawa moja."

Akanipambanulia. Jachien ni mzimu wa marehemu aliyedhulumiwa. Wenye kumdhulumu hawana budi kumridhisha. Juogi ni wengine kabisa. Hao humpanda mtu, mara nyingi kwa kurithiwa katika ukoo, na maradhi yao ni wito. Hawafukuzwi, hukaribishwa kwa ngoma na karamu, na mgonjwa akipona huenda akawa ajuoga mwenyewe. Wapo juogi wa nam, yaani ziwa, na wapo wa lang'o, jina ambalo Wajaluo huwaitia Wamasai na Wanandi.

Hapo nilishtuka, kwani sisi nasi Pwani tunao pepo wa Kimasai. Jirani aliyeogopwa vitani zamani amepewa kiti katika ngoma, huku na huko. Waliodhani mambo haya ni upuuzi wa kabila moja wafikiri tena.

Lakini si wote huko wanaokubali kuwakaribisha juogi. Migori ndiko kuliko Got Kwer, mahali patakatifu pa kanisa la Legio Maria, lililojitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambalo kiongozi wake, Simeo Ondeto, alifariki mwaka 1991. Wafuasi wake huwaona juogi kuwa ni mashetani, huwatoa kwa sala. Basi katika boma moja mama mkwe anataka ngoma, mke wa mwana anataka sala, na mgonjwa yumo katikati. Ugomvi huu tunaujua. Kwetu sheikh mmoja husoma Kurani na kuandika kombe, mwingine hukataza ngoma ya pepo kabisa, na wote wawili wanakubali kuwa majini wapo.

Jambo la kuogofya zaidi ni chira. Chira si pepo. Ni maradhi ya kukonda yanayosemwa humpata mvunja mwiko. Ukimwi ulipotambuliwa nchini mwaka 1984 na kuenea ziwani, wengi walisema ni chira, wakatafuta miti shamba hata wakazikwa. Nami sina ruhusa ya kuwalaumu. Mama yangu mdogo, Mola amrehemu, alikohoa miezi mingi, na fundi mmoja akatwambia kiti chake kinataka mbuzi mwekundu. Tulimchinja mbuzi. Kumbe ilikuwa kifua kikuu, na tulipomfikisha hospitali, saa ilikuwa imepita.

Ndiyo maana nilimwuliza mzee wa Ndhiwa: mgonjwa akija, huanza na nini?

"Humwuliza kama amepimwa," akajibu. "Kama ana vidonge vya hospitali, namwambia asiviache. Juogi hawagombani na vidonge."

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyowekwa na Waingereza, iliwatia ajuoga na jajuok, mganga na mchawi, katika kapu moja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imebadili mwelekeo: inatambua tiba za asili, na inataka ziwepo kanuni za waganga kuwapeleka wagonjwa hospitali. Ni vyema. Lakini karatasi haitamfikia mgonjwa usiku wa manane. Atakayemfikia ni mganga. Naye akitishwa atajificha, na wagonjwa wake watajificha naye.

Wenzangu wa Pwani, tusiwacheke watu wa ziwani, wala tusiwasifu waganga wote. Mganga mwenye adabu humpa kila pepo haki yake, na anajua vilevile siku ambayo pepo hayupo. Fundi wetu hakuijua siku hiyo. Sisi nasi hatukumwuliza.