Mark X Umenunua, Breki Utanunua Lini?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina umbea wa matairi, na kuna mtu atanuna.

Jumamosi jioni, Mukendo, Musoma mjini. Inaingia Mark X nyeusi, ringi za 18 zinang'aa, ekzosi imefunguliwa mpaka kuku wa Nyasho wanajua nani anapita. Simu zote juu. Anashuka kaka mmoja ambaye simtaji, ila kama unaishi Mara na una Instagram, unamjua. Mwenyewe anajiita mpenzi wa gari. Anasema damu yake ni petroli.

Watu wanapiga picha sura ya gari. Mimi nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, nikacheki tairi la mbele. Kipara. Sio kipara cha kuanza, kipara cha mstaafu. La nyuma lilikuwa na mistari mizuri, ila ubavuni namba nne za mwisho zinasomeka 1113. Kwa wasiojua, hiyo ni tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 11, mwaka 2013. Mpira wa umri huo umeshakauka, hata kama unaonekana mpya kwenye picha.

Usiku huohuo kaka akaposti video. Njia ya Bunda, giza, muziki juu, sindano inagusa 160. Komenti zimejaa moto na vikopa. "Baba lao." "Mwamba." Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali moja dogo: akitokea ng'ombe hapo, inasimama?

Sasa nasema wazi, na mkitaka mnitukane. Mpenzi wa gari ya kasi humjui kwa anavyokimbia. Unamjua kwa alivyolipia kusimama. Wengine wote ni wapenzi wa picha.

Kabla hujaandika "wivu tu", tulia nikupe yangu. Mimi nina Legacy B4 ya turbo, mtumba. Dalali aliyeniuzia aliapa kwamba ilikuwa ya mama mmoja mwalimu. (Hivi kwa nini kila gari inayouzwa Bongo ilikuwa ya mama mwalimu?) Ile boksa iliponguruma, akili yangu ikatoka ikaenda kukaa kwenye kiti cha dereva kabla yangu. Nikalipa. Sikuuliza kitu kimoja: mkanda wa taimingi umebadilishwa lini?

Injini ile ya EJ20 inatumia mkanda, na unatakiwa ubadilishwe karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinagongana na pistoni, na hapo huna injini tena, una chuma chakavu. Wangu ulikatika natoka Mwanza, sijafika Lamadi, nikiwa ndio nataka kulipita lori. Gari ikafa mkononi. Mungu alinisaidia, mbele hapakuwa na kitu. Nikavutwa kwa kamba mpaka Bunda na Fuso lililotoka kushusha dagaa, nanuka samaki, watoto wananipungia. Miezi minne nilipanda daladala na ufunguo wa turbo mfukoni.

Kwa hiyo sihubiri kutoka mbinguni. Nahubiri kutoka kwenye kamba ya Fuso.

Na sijaja kuwaunga mkono wale wazee wa "nunua IST utulie". Nawaheshimu, shikamooni, ila hapo sikubali. Kuna watu wanapenda ngoma, wengine mpira, sisi tunapenda injini. Mark X ya kwanza ilitoka Japan Novemba 2004 kurithi kiti cha Mark II. Ile ya V6 ya lita 2.5 ilitoka na nguvu za farasi 215, ya lita 3.0 ina 256. Kizazi cha pili kikaja 2009, na yenye lita 3.5 ina 318. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kama sedani ya kibabe inavyotakiwa. Desemba 2019 Toyota wakafunga kitabu, hawatengenezi tena. Kijana wa Makoko akiipenda gari ya hivyo, sio mjinga. Ana macho.

Ujinga unaanza pale anapodhani bei ya gari ni bei ya gari.

Bei ile ni kiingilio tu. Umelipa Wajapani, umelipa meli, ukakutana na TRA: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na injini ikizidi cc 2000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10. Kisha, kwa kuwa gari imepita miaka kumi, kuna ushuru mwingine wa uchakavu. Hebu sikiliza hilo neno. Serikali yenyewe imekuandikia kwenye karatasi kwamba hii ni chakavu, umelipa hela kuthibitisha ni chakavu, halafu unatoka bandarini unaipa kazi ya kijana. Inatembea zaidi ya kilomita 1,000 mpaka huku kwetu, na ikifika, kitu cha kwanza unachofanyia kazi ni ekzosi. Kelele!

Bunda kuna fundi mmoja mzee, ndiye aliyefufua Subaru yangu. Siku moja nilimkuta anafungua breki za Crown ya kijana mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone maajabu."

Akanionyesha pedi. Zimeisha, chuma kinakula chuma, diski imechimbika kama barabara ya mvua. Mwenye gari alikuja siku hiyo kuulizia bei ya taa za rangi chini ya bodi. Mzee akacheka, akasema, "Hawa wananunua mbio kwa milioni, kusimama wanataka bure."

Nimeikopi hiyo, nimeibandika kwenye dashibodi.

Basi, kama kweli unapenda, mwezi wa kwanza hela yako inaenda hapa. Matairi manne mapya, sio mawili, na uangalie herufi ya spidi ubavuni: T mwisho wake 190, V ni 240, W ni 270. Pedi na diski. Maji ya breki yamwagwe yote, kwa sababu yanavuta unyevu, na yakizeeka yanachemka ukibana breki mfululizo, mguu unazama hewani. Shokapu na bushi. Oili ya injini na ya gia boksi. Plagi, na V6 zinataka sita, usibadilishe mbili ukajidanganya. Ndipo uje kwenye muziki na ringi.

Na kabla hujalipa hata mia, omba karatasi ya mnada ya Japan, uhakikishe namba ya chesisi inalingana na gari iliyo mbele yako. Ukikuta daraja limeandikwa R, gari iligongwa ikatengenezwa. Sio lazima uikimbie, ila usilipe bei ya ambayo haijagongwa. Kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini na ya eabegi zinatakiwa ziwake, halafu zizime gari ikishawaka. Zisipowaka kabisa, usifurahi. Kuna mtu amezinyamazisha. Dalali akianza kukuharakisha, "kuna mteja mwingine yuko njiani", mwambie amsubiri huyo mteja.

Kwa nini nakomaa na breki? Kwa sababu ya tunapoishi. Barabara yetu ya Mwanza kwenda Sirari sio uwanja wa mashindano. Lamadi una Serengeti ubavuni. Bunda katikati una boda zinazokata kona bila kuangalia. Mbele una wanafunzi wanaorudi kwa miguu pembeni ya lami, na ng'ombe wa Mara, kama mnavyomjua, hana indiketa na hana haraka. Ukiwa kwenye 120 unakula mita 33 kila sekunde. Ukishangaa sekunde tatu tu, umemaliza urefu wa uwanja wa mpira. Na ukiongeza spidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Hiyo ndiyo hesabu ya ile video ya 160, na hesabu hiyo imepigwa kwa matairi mazima, sio ya 1113.

Septemba 2014, pale Sabasaba, Butiama, mabasi mawili yaligongana na watu zaidi ya 30 wakafa siku moja. Mara nzima ililia. Yale yalikuwa mabasi, siyafananishi na Mark X ya mtu. Nasema tu kwamba lami ni ile ile, na sisi tuliozika ni wale wale. Hatuna sababu ya kushangilia sindano.

Sasa tuje kwa wenye majina, ambao sitawataja.

Kuna dada mmoja aliposti Crown nyeupe, namba E, na maneno "Mungu hajawahi kuniacha". Wiki iliyofuata Crown ileile ikaonekana na mwenyewe, ikibeba maharusi wa kukodi. Sawa, kiki ni kazi, kila mtu na ugali wake. Ila kuna kijana wa Bunda aliiona ile posti na nyingine kama zile, akauza boda mbili zilizokuwa zinamlisha yeye na mama yake, akachukua Altezza. Hela ya gari iliisha kwenye gari. Ikafika zamu ya klachi, ikafika zamu ya matairi, mfuko mtupu. Nikipita kwao naiona chini ya mwarobaini, imekaa kwenye matofali, kuku wanalala chini yake mchana. Boda mbili zimegeuka kivuli cha kuku. Yule dada hajui hata kama huyu dogo yupo duniani.

Ndio maana nasema hii sio stori ya wivu. Staa anapoposti mbio bila gharama, anamuuzia mdogo wetu nusu ya gari.

Tena sisi wa mkoa huu ndio tungetakiwa kuwa na aibu kidogo. Ukikata pale Makutano ukaingia Butiama, uko kwa Mwalimu Nyerere, alipozikwa mwaka 1999. Enzi zake wakubwa wa Mercedes walipewa jina mtaani, wabenzi, na halikuwa jina la sifa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawabana viongozi, hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha. Unaweza kubishana na siasa hizo mpaka kesho. Ila wale wabenzi, pamoja na dhambi zao zote, nina uhakika Benzi lilikuwa na matairi.

Najua majibu yenu. "Hela yangu, gari yangu." Sawa, lakini barabara sio yako, na mtoto anayetoka shule hajasaini mkataba wowote na wewe. Na gari hiyohiyo ina bima ndogo, isiyolipa hata taa yako mwenyewe ikivunjika. "Maisha mafupi, tule bata." Bata huliwa na aliye hai. "Ajali ni mipango ya Mungu." Hapana, ndugu yangu. Mungu hakuchagua tairi la 2013. Ulilichagua wewe kwa muuza mtumba, ukaomba na punguzo.

Na kwa dogo anayesoma hii akiwa na hela yake kidogo, anaota V6: usiache kuota. Igawe ile hela. Kama ukishanunua hubaki na ya matairi, breki na mshtuko mmoja wa fundi, bado hujafika. Subiri miezi sita, au chukua ndogo yake uifanye iwe nzima kabisa. Sedani ya farasi 150 yenye breki kamili itakufikisha Musoma kila Ijumaa. Ya 318 yenye kipara itakufikisha mara moja tu.

Naomba tufanye changamoto. Kaka wa Mukendo, naanza na wewe, najua unasoma hapa kila siku. Ukiposti tena sindano, posti na zile namba nne za tairi lako. Posti na picha ya pedi. Zikiwa safi, nitakuja mwenyewe kwenye komenti niandike "mwamba" na vikopa kumi, na nitakuomba radhi hadharani. Mimi naanza: matairi yangu ni ya mwaka jana, na mkanda una risiti.

Haya, tiririkeni hapo chini. Mwenye gari yake atoke nje akainame, asome ubavu wa tairi, aje atuambie limezaliwa lini. Msidanganye.