Honi Mbili, Mtoto Chini!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya viwalo na mapenzi, tuongee habari za vile vigari vya njano vinavyotukatishia usingizi alfajiri. Naam, magari ya shule. Najua kuna watakaosema, "Ah, sisi bado vijana, ya watoto yanatuhusu nini?" Yanakuhusu, bwana. Kama huna mtoto basi una mdogo wako, una mpwa wako, au unakaa kwa dada yako ambaye kila akitoka kwenda kazini anakuachia agizo moja tu: "Junior akirudi umpokee." Na wewe unajibu "poa" huku macho yote yako kwenye simu. Ni wewe hasa ninayekutafuta leo.

Tangu shule za Inglishi Midiamu zianze kuota mijini kama uyoga kwenye miaka ya 1990, mzazi wa mjini amepata mshirika katika malezi ambaye wala hakumchagua: dereva wa gari la shule. Mtoto wa chekechea anayekaa Mbagala au Tegeta anaamshwa giza halijatoka, anavalishwa soksi akiwa amelala, anapakiwa. Mchana anarudi ameshikilia chupa ya maji, shati nje, usingizi mwingi. Piga hesabu za wiki nzima utakuta kuna watoto wanaomwona dereva kuliko wanavyomwona baba. Sisemi kwa ubaya, akina baba. Foleni za Dar tunazijua.

Tukizungumza usalama wa magari haya, mara nyingi tunazungumzia mwendo kasi, breki na kupakia watoto kama dagaa kwenye tenga. Na tuna haki. Hakuna Mtanzania aliyesahau tarehe 6 Mei 2017, pale Karatu, basi lilipotumbukia korongoni wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule likasombwa na maji ya mvua likiwa na watoto ndani. Kwa hiyo shule zinapofungua ukiwaona trafiki wanainama chini ya magari kuangalia matairi, waache wafanye kazi yao.

Ila kuna kipande cha safari ambacho hakuna trafiki anayeinama kukikagua. Ni ile dakika moja mlango unapofunguliwa mtoto ashuke.

Hebu tuitazame hiyo dakika. Hiace inafika, dereva anapiga honi mbili, mlango unaburutwa. "Haya shuka baba, shuka haraka wenzako wanasubiri!" Mtoto anateremka kinyumenyume, begi kubwa kuliko mgongo. Kabla hajageuka, mlango umeshafungwa na gari linaondoka. Geti la nyumbani bado limefungwa. Ndani, dada wa kazi anafua uani na redio iko juu, honi hakuisikia. Mtoto anagonga kwa vikono vyake, hakuna jibu. Anagonga tena. Halafu anafanya kile ambacho mtoto yeyote wa miaka minne angefanya: anachoka kugonga, anaangalia kuna nini cha kufurahisha barabarani.

Hapo ndipo kasheshe lilipo. Kwa maandishi ya shule mtoto ameshafika nyumbani. Kwa mama yake yuko na dada. Kwa dada yuko bado garini. Watu watatu wazima, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye anaye.

Halafu kuna suala la upande. Sisi tunaendesha kushoto, na mlango wa Hiace uko kushoto, kwa hiyo mtoto ambaye kwao ni upande huohuo anakanyaga ukingoni salama. Asiyekuwa na bahati ni yule ambaye kwao ni ng'ambo. Huyo akishuka atapita mbele ya gari, maana ndiko anakoiona nyumba yao. Kimo chake hakifiki hata kwenye taa, dereva aliyekaa juu hamwoni akipita karibu na bampa. Na bodaboda anayekuja nyuma anachokiona ni gari limesimama tu, anakunja kulia apite. Mtoto wa umri ule hajui kupima kama pikipiki iko mbali au karibu, inakuja kasi au taratibu. Hata umfundishe "tazama kulia, tazama kushoto" mpaka aimbe, atatazama kweli, ila hajui anachokitazama kina maana gani. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye barabara ya Kimara hadi Kibaha yenye njia nane. Watu wazima wenyewe pale tunavuka tunasoma dua.

Rangi ya njano nayo ina hadithi yake. Mwaka 1939, msomi mmoja wa Marekani, Frank Cyr, aliitisha mkutano katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakakubaliana magari ya shule yawe na rangi hiyo kwa sababu inaonekana kwa urahisi hata kukiwa na kiza cha asubuhi. Lakini wenzetu hawakuishia kwenye rangi. Basi lao likisimama kushusha, taa nyekundu zinawaka, kibao cha kusimama kinatokeza ubavuni, na magari ya nyuma na ya mbele yanasimama mpaka mtoto avuke, isipokuwa yale ya upande wa pili kwenye barabara nyingi zilizotenganishwa katikati. Ukipita, faini yake utaisimulia. Huku kwetu gari la shule likisimama, wa nyuma anapiga honi na matusi juu, eti limemzibia njia. Rangi tumeipokea kwa mikono miwili, adabu yake tumeiacha bandarini.

Kwa uswahilini kwetu kuna na lingine: kurudi rivasi. Gari limeingia kwenye kichochoro kisichokuwa na pa kugeuzia, limemshusha mtoto, sasa linarudi nyuma. Na mtoto aliyetoka kushuka yuko wapi? Ameinama kuokota kifutio kilichodondoka! Dereva makini anageuza kwanza ndipo ashushe, au anamshushia njia kuu na anti anamsindikiza kwa mguu. Ni dakika tatu zaidi. Zitamchelewesha, sawa, achelewe.

Sasa niende kwenye jambo ambalo watu wanalizungumza kwa kunong'ona. Nani anashuka wa mwisho?

Magari mengi yana anti, au matroni kama wanavyomwita shule nyingine. Vizuri. Ila chunguza vizuri ratiba yake. Kwenye baadhi ya magari anti naye anakaa njiani, kwa hiyo gari likifika karibu na kwao anaagana na dereva, anashuka, na watoto wawili watatu wa mwisho wanaendelea na dereva peke yake. Sisemi madereva ni watu wabaya. Wengi ni baba za watu wanaojiheshimu, na wapo ambao watoto wanawalilia wikiendi. Lakini mtoto wa miaka minne kubaki na mtu mzima mmoja ndani ya gari lililofungwa vioo, siku tano kwa wiki, ni mpango mbovu hata kama dereva ni malaika. Mtoto akifanyiwa jambo baya hana maneno ya kulisimulia. Utaona tu ameanza kulia asubuhi, anakataa gari, anajikojolea wakati alishaacha. Na nyumbani watamwambia ni deko. Kumlinda mtoto, na kumlinda dereva na maneno ya watu, kunataka kitu kimoja: anti awe wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Nauli ya kumrudisha kwao ilipwe na shule. Mkilipa mamilioni ya ada, hiyo nauli ya daladala itashindikana vipi?

Kinyume cha kushushwa vibaya ni kutoshushwa kabisa. Septemba 2022, huko Makinohara, Japani, mtoto wa miaka mitatu alisahaulika ndani ya basi la chekechea kwa muda wa kama saa tano kwenye jua, akafariki. Siku hiyo basi liliendeshwa na mkuu wa shule mwenyewe. Wiki hiyohiyo, nchini Qatar, mtoto wa miaka minne aliyesinzia kwenye basi la shule alifungiwa ndani akafa vivyohivyo, na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Wajapani hawakukaa kulaumiana tu. Kuanzia Aprili 2023 waliamuru mabasi ya chekechea yafungwe king'ora: dereva akizima injini, kinalia, na ili kukizima lazima atembee mpaka kiti cha nyuma kabisa. Akifika huko ameshaviona viti vyote, apende asipende. Sisi tukisema hatuna fedha ya king'ora, miguu tunayo. Anti atembee mpaka nyuma, ainame aangalie chini ya viti, maana mtoto aliyelala huwa anateleza mpaka sakafuni.

Nimewahi kupanda gari moja la shule, siitaji, nikamwona anti mmoja mwenye daftari la kurasa nyingi lililochakaa. Kila mtoto ana ukurasa wake: jina, nyumba ilivyo, namba mbili za simu, na majina ya watu watatu wanaoruhusiwa kumpokea. Tulifika nyumba moja Tabata akatoka kijana mtanashati, akanyoosha mikono. Anti akamuuliza, "Wewe nani?" "Mimi anko wake." "Jina lako silioni hapa, kaka, niitie dada." Kijana akakasirika, akasema yeye ndiye anayenunua hata maziwa ya mtoto huyo. Anti wala hakupandisha sauti. Alipiga simu kwa mama, mama akathibitisha, jina likaandikwa palepale na mtoto akatolewa. Ikatuchukua dakika nne, watoto wengine wakaanza kulia njaa. Mimi ningekuwa mwenye shule yule anti ningempandisha mshahara siku ileile.

Na kama hakuna wa kupokea? Mtoto asiachwe kwa jirani "anayejulikana", wala kwa muuza duka. Abaki garini, azungushwe, arudishwe shule, na mzazi amfuate. Najua hapa akina mama watanishambulia, mtasema nimechoka, nimetoka kazini, nimekwama foleni Ubungo. Pole sana, mara ya kwanza tutakuelewa. Mara ya tatu, shule ikikutoza hela ya usumbufu, mimi nitakuwa upande wa shule. Anti naye ana wanawe wanaomsubiri, tena pengine wanarudi kwa miguu kutoka shule ya kata ambayo haina gari wala honi.

Dada wa kazi nao tusiwatupie kila mzigo. Umemwachia nguo za watu sita, chakula, mtoto mchanga mgongoni, na wewe unataka aisikie honi iliyopigwa mara mbili upande wa pili wa ukuta? Mpe simu, hata ya kitochi, na anti apige wakiwa nyumba mbili kabla. Awe ameshasimama getini gari linapofika, na amshike mtoto mkono kabla mlango haujafungwa. Akivuka barabara, avuke yeye kwenda kumchukua, si mtoto kuja kwake.

Tukirudi kwako, kijana wa sebuleni. Ukiambiwa umpokee Junior, saa ya gari ikikaribia vaa ndala, toka nje, simama. Mechi itakusubiri. Na kesho asubuhi, ukimpandisha, msalimie anti vizuri, "shikamoo" kama kakuzidi umri, halafu muulize swali moja tu: leo mchana, kwenye gari hili, nani anashuka wa mwisho, na anashuka na nani?